Askari wa plastiki: Anachotaka mkusanyaji, mtoto na mama

Mpwa wangu ana miaka saba na kipimo kimoja tu cha askari mpya wa plastiki: anasimama au hasimami? Asiyesimama mchangani anaitwa majeruhi, anatiwa kwenye kopo tupu la maziwa ambalo ndilo hospitali, na huko anasahauliwa. Nilikuja Mafia kwa kazi ya gazeti, habari za chanjo, nikafikia kwa dada yangu hapa Kilindoni pamoja na binti yangu wa mwaka mmoja na nusu. Kwa wiki mbili tumelala na kuamka katikati ya jeshi hilo.

Pakiti yenyewe ilinunuliwa duka la karibu na soko kwa Sh4,000. Ndani kulikuwa na askari kama 30, nusu wa kijani na nusu wa kahawia, kifaru kimoja na bendera ya nchi ambayo hakuna aliyeitambua. Haikuwa na jina la mtengenezaji wala maandishi ya umri wa mtoto anayefaa kuvichezea. Muuzaji alisema mzigo umetoka Kariakoo, kama karibu kila kitu kinachovushwa kutoka Nyamisati.

Si kwamba watoto wa hapa wana uhaba wa vichezeo. Kandambili moja iliyookotwa ufukweni inakuwa ngalawa, mfuko wa nailoni unakuwa tanga, na jioni maji yakijaa unaona mashindano ya vingalawa ambayo wakubwa nao wanasimama kuyatazama. Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini basi alilia siku mbili apate askari. Akanitazama kama mtu asiyeelewa mambo. “Mamdogo, ngalawa ni moja. Jeshi ni wengi.”

Kumbe hata wazee wanaotumia pesa zao za pensheni kununua vitu hivi wanasema karibu maneno hayohayo. Pale Utende, nilikokwenda kuzungumza na wahudumu wa afya, nilikutana na mzee mmoja Mwingereza aliyewahi kufundisha Tanga miaka ya sabini, na Kiswahili chake bado kina lafudhi ya huko. Anakusanya askari wa kuchezea tangu utotoni. Nilipomwambia nyumbani kwetu kuna jeshi, aliniomba nimletee mmoja amwone. Nikarudi siku ya pili na watatu kwenye pochi.

Aliwageuza kama daktari anavyomgeuza mtoto mchanga. Kwanza alitazama kisahani cha miguuni, kama ni bapa. Akapitisha ukucha ubavuni kutafuta vile vijiplastiki vya ziada vinavyobaki pale pande mbili za kalibu zinapokutana. Akaukunja mtutu wa bunduki: ukirudi wenyewe, plastiki ni laini na rangi itabanduka, ukikatika, ni ngumu mno. Akatoa rula. Askari wa kawaida wa wakusanyaji ana milimita 54 kutoka nyayo hadi machoni, na hawapendi mmoja awe mrefu kuliko mwenzake kama vile wametoka vitabu viwili tofauti. Halafu akacheka. “Huyu wenu ni nakala ya nakala, mwanangu. Uso umefutika.”

Ni kweli. Askari wa mpwa wangu hawana nyuso. Kiwanda kinachukua askari wa kiwanda kingine, kinatengeneza kalibu juu yake, na kila mara pua na vidole vinapungua. Kwa mkusanyaji huo ni wizi na uharibifu. Kwa mpwa wangu ni faida, kwa sababu mtu asiye na uso anaweza kuwa yeyote. Wa kijani ndio JWTZ, wa kahawia ndio “wale wengine”, na hakuna aliyewahi kueleza wale wengine ni akina nani.

Nilimuuliza mzee, kama angeweza kuagiza kiwanda kimtengenezee pakiti mpya, angetaka nini. Nilitegemea ataje Waterloo au Normandy. Akanyoosha kidole kuelekea baharini, upande wa delta ya Rufiji.

Wengi wetu tuliosoma historia ya Vita ya Kwanza ya Dunia darasani tulifundishwa habari za Ulaya, tukapita. Lakini Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, na sababu ilikuwa meli moja ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko ya Rufiji. Kisiwa kikawa kituo cha kuishambulia. Ndege ziliruka kutoka hapa Mafia kuangalia makombora yanaangukia wapi, wakati meli mbili ndogo za mizinga, Severn na Mersey, zikiingia mdomo wa mto. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilikwisha. Wajerumani wakaitoa mizinga yake 10, wakaiburuta nchi kavu na kuendelea kupigana nayo. Mmoja wa mizinga hiyo leo uko Mombasa, nje ya Fort Jesus, ambako watoto wanaupanda kupigwa picha.

Huyo ndiye askari anayemtaka mzee: askari wa Afrika Mashariki wa mwaka 1915, aliyevaa kama alivyovaa. Kwa wakusanyaji, kofia ni jambo la kugombana. Askari wa Mjerumani alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na kipande chake kikining’inia kukinga shingo na jua. Ukimpa kofia ya chuma ya Ulaya, hawanunui. Wanataka pia mikao iliyo hai kuliko ya kulenga shabaha tu. Anayekunywa maji. Anayemwinua mwenzake. Mwaka 2019 kampuni ya BMC Toys ya Marekani ilitangaza kutengeneza askari wanawake baada ya msichana wa miaka sita kuandika barua akiuliza kwa nini hawapo. Mtoto alikuwa ameona kitu ambacho watu wazima walikitazama miaka yote bila kukiona.

“Na wapagazi,” mzee akaongeza. “Nataka pakiti yenye mpagazi mmoja kwa kila askari. Hapana, watatu.”

Hapo nikakumbuka muuzaji wa Kilindoni na mzigo wake wa Kariakoo. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hiyohiyo. Walikuwa wengi kuliko askari kwa mbali, wakibeba chakula na risasi vichwani mahali ambapo magari hayakuweza kupita na wanyama waliuawa na ndorobo. Makumi ya maelfu walikufa, na waliowaua zaidi hawakuwa maadui: ni kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Kwa mwandishi wa afya hiyo ni habari ninayoijua hata nikiwa nimefumba macho. Ni habari ya maji machafu. Pale Posta, Dar es Salaam, sanamu ya askari ipo tangu 1927, bunduki mkononi, na kila siku tunapita chini yake. Ya mpagazi sijawahi kuiona dukani, si ya shaba wala ya plastiki.

Sasa nirudi kwenye yangu, kwa sababu mzazi anayesoma haya kwenye simu huku mtoto yuko chini ya meza ana shida nyingine kabisa.

Askari wa kuchezea wa zamani walikuwa wa risasi. Simaanishi za bunduki, namaanisha madini. Kampuni ya Britains ya London ilianza mwaka 1893 kuwatengeneza wakiwa na uwazi ndani ili wawe wepesi na wa bei nafuu, na watoto wa vizazi kadhaa wakawatia midomoni. Ilipofika 1966 utengenezaji huo wa risasi ulikuwa umekwisha, kwa sababu sumu ya madini hayo inaumiza ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Plastiki, iliyoanza kutumika kwa askari hao Marekani mwaka 1938, iliondoa tatizo hilo ikaleta mengine. Rangi iliyopakwa juu inaweza bado kuwa na risasi. Plastiki laini inaweza kuwa imelainishwa kwa kemikali ziitwazo fathaleti, ambazo Umoja wa Ulaya umeziwekea kikomo cha asilimia 0.1 kwenye vichezeo. Mama aliye sokoni hana maabara. Ana pua na vidole: kama pakiti inanuka kemikali kali mara inapofunguliwa, au rangi inabaki mkononi, mimi siichukui hata kwa Sh500.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni koo. Wapima vichezeo wanatumia kikopo cha mviringo chenye upana wa milimita 31.7, kilichokadiriwa kufanana na koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kitu kikizama chote humo, hakimfai. Wale askari wadogo wa sentimita mbili na nusu, ambao wakusanyaji wengi wanawapenda kwa sababu jeshi zima linaenea mezani, wanazama wote. Wetu ni wakubwa kidogo. Ila kumbuka mzee alivyoukunja ule mtutu.

Siku ya nane dada alimwona binti yangu ametulia mno. Kila mama anaujua utulivu huo. Alimbana mashavu kwa kidole na gumba, akatoa bunduki ya kijani iliyokatika kwenye kiwiko, ikiwa imeshatafunwa ncha. Mtoto alikasirika kuliko alivyoogopa. Mimi magoti yalikuwa maji.

Dada alifanya hivyo kwa sababu aliiona, na mtoto alikuwa anapumua. Kama huioni, usiingize kidole kutafuta, utaisukuma ndani. Mtoto anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kulia, aliye na zaidi ya mwaka mmoja, mwinamishe mbele umpige mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na uvute ndani na juu mara tano, kisha rudia. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi kwenye mkono, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara tano. Kisha mgeuze na umbonyeze kifuani mara tano, si tumboni. Akizimia, mlaze chini, anza huduma ya kwanza ya kufufua, na mtu mwingine atafute msaada. Jifunze leo, maana hapa jiografia haina huruma: mama wa Chole lazima avuke kwa mashua hadi Utende, kisha apate usafiri wa barabara mpaka hospitali ya Kilindoni. Wa Jibondo safari yake ni ndefu zaidi. Koo lililoziba halisubiri mashua.

Kwa hiyo nyumbani kwa dada sheria zimebadilika. Jeshi linalala kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati, na linapigana barazani tu wakati mdogo amelala. Askari aliyekatika bunduki hapelekwi kwenye kopo la hospitali, anatupwa pamoja na kipande chake. Mpwa wangu alipinga sana. Jeshi lake lilikuwa limebaki na watu 22.

Nikamsimulia habari za wapagazi, bila ule mwisho wa kuhara damu. Alisikiliza, akaondoka, na jioni akarudi na wanne aliowakata kwenye kandambili ya buluu: warefu, wanene, hawana mikono, na wanasimama mchangani vizuri kuliko wote. Kichwani kila mmoja alikuwa na kizibo cha soda.

Dada alivitazama vile vizibo, akamtazama binti yangu aliyekuwa anajivuta kuelekea kwetu, akanyoosha mkono. “Vyote vinne. Nipe hapa.”

Tukawabebesha vifuu.