Antena Ni Sikio Pia

Madukani Goma, ruta za Wi-Fi huuzwa kwa hesabu ya antena. Yenye mbili ni ya mwanafunzi, yenye nne ni ya mwenye familia, yenye sita ni ya yule anayetaka mgeni aione kabla hajaketi. Kasha limeandikwa kasi ya ajabu, iliyopimwa ndani ya chumba kitupu, kompyuta ikiwa hatua chache tu kutoka kwenye ruta. Halisemi lolote juu ya nyumba ya mbao kwenye mteremko wa Nyabiondo, Masisi, wala kituo cha afya cha Walikale kilichozungukwa na miti iliyolowa. Ndugu na marafiki wa pande hizo hunituma niwachagulie, na kazi hiyo ya kupima vyombo imenifundisha kupima na mambo mengine.

Swali langu la kwanza kwa anayenituma halihusu pesa. Namwuliza: ukisimama mlangoni kwako, unaona nini? Masisi na Walikale ni teritwari mbili jirani, lakini kwa mawimbi ya redio ni dunia mbili. Masisi kuna vilima vinavyopita mita 2,000, vingi vilivyofyekwa zamani kuwa malisho ya ng'ombe. Kilima kinaona kilima. Hapo antena ya sahani iliyoelekezwa vizuri huivusha Wi-Fi bonde zima, kutoka misheni hadi shule ya ng'ambo. Mwaka 2007, Ermanno Pietrosemoli na wenzake huko Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyoachana kwa kilomita 382, wakitumia ruta za kawaida zilizobadilishwa programu.

Ukishuka Walikale, teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, msitu unafunga macho. Majani yamejaa maji, na maji hula mawimbi ya Wi-Fi. Ruta iliyovuka bonde kule Masisi, huku yaweza kushindwa na miti michache nyuma ya nyumba. Njia ni kuinua antena juu ya msitu kwa nguzo ndefu, au kupita angani kwa setilaiti. ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, iliikataza Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Lakini sahani yake ya kawaida hula kati ya wati 50 na 100, wakati ruta ndogo ya wati 6 hukesha siku mbili kwa nusu ya betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50. Penye pano moja ya sola, hesabu hiyo ndiyo inayoamua. Kuna na radi: milima ya magharibi ya Ziwa Kivu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo wingu likikusanyika, waya wa antena huchomolewa.

Hayo fundi yeyote atakueleza. Jambo lililonikalia moyoni ni jingine.

Mtu akikosa Wi-Fi katika chumba cha mwisho, huomba chombo chenye nguvu zaidi, na wauzaji wana busta za kumpa. Anaifunga, na simu ya chumba cha mwisho inaonyesha vijiti vyote vinne. Nyumba nzima inafurahi. Kisha mtoto anaandika ujumbe, na ujumbe hauendi.

Ruta imeongezewa sauti, simu haikuongezewa. Simu sasa inasikia kila kitu, lakini jibu lake, linalotoka kwenye antena ndogo iliyofichwa ndani ya plastiki, halifiki. Na Wi-Fi haiendi upande mmoja. Karibu kila kipande cha habari kinachotumwa husubiri jibu fupi la kwamba kimepokelewa. Jibu lisiporudi, ruta hutuma tena na tena, mwisho huacha. Yaani hata kupokea kunakwama kwa sababu anayepokea hasikiki.

Antena nzuri hufanya kazi kwa namna nyingine. Haizalishi nguvu mpya. Huikusanya ile iliyopo na kuielekeza, jinsi kioo cha tochi kinavyofanya kwa balbu ileile ndogo. Na kadiri inavyosaidia kutuma, ndivyo inavyosaidia kupokea, kwa kipimo kilekile. Ukiongeza nguvu, umeongeza sauti tu. Ukiweka antena bora, umeongeza sauti na sikio. Tena nguvu ni ghali: hata mahali pa wazi, ukiizidisha mara nne, umbali unazidi mara mbili tu.

Watu wa Walikale waliijua adabu hii ya kungoja jibu kabla ya Wi-Fi. Kwa miaka mingi habari zao zilikwenda kwa foni, ile redio ya mawimbi mafupi iliyokaa misheni, kwenye kituo cha afya au kwa mnunuzi wa kasiterite, yaani mawe ya bati, waya wa antena ukiwa umefungwa juu nje. Kwenye foni, anayebonyeza kitufe cha kusema hasikii kitu. Kwa hiyo unasema kifupi, unaachia, unangoja. Na jambo likiwa zito, aliyelipokea analirudia lote: jina la mgonjwa, hesabu ya dawa, saa ya ndege kutua Kilambo, pale barabara ilipogeuzwa uwanja. Bila kurudiwa, hakuna aliyeamini kwamba neno limefika.

Nikitazama maisha yetu, naona busta nyingi kuliko antena. Baba ambaye kijana wake haitiki hupandisha sauti. Kijana amesikia, tena vizuri, na ana la kujibu, ila hakuna anayelipokea. Baba anarudia lilelile kwa ukali zaidi, na wote wawili wanalala wamechoka. Ndivyo na semina zetu: mgeni anapanda kutoka mjini, anawafundisha wakulima amani tangu asubuhi kwa kipaza sauti, anahesabu waliohudhuria, anashuka. Hakuna aliyeombwa kurudia alichoelewa, wala aliyeulizwa shamba lake sasa linalimwa na nani. Ripoti itasema ujumbe umefika.

Jambo hilo linatugusa kuliko wengine, kwa kuwa vyombo hivi vyenyewe vina udongo wetu ndani. Ruta haiungwi bila lehemu, na lehemu hutengenezwa kwa bati. Bisie, mgodi wa Alphamin huko Walikale, hutoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia. Koltani ya Rubaya, Masisi, hutoa tantalamu inayoingia katika simu na kompyuta. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Kongo. Huku iliitwa sheria ya Obama. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila akafunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Nia njema ilitufikia na vijiti vyake vyote vinne, lakini mchimbaji aliyekosa karo ya mtoto hakuwa na njia ya kujibu. Na Machi 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakisogea Walikale, Bisie ilisimamisha kazi na bei ya bati ikapanda mara moja katika masoko ya dunia. Kumbe masikio yapo, tena makali. Yameelekezwa kwenye bati.

Kwa anayeniuliza achague nini, jibu langu ni fupi: ruta ya wastani ya volti 12, antena nzuri, nguzo ndefu, na pesa inayobaki iende kwenye betri. Akishafunga, asisimame kando ya ruta kuhesabu vijiti. Achukue simu dhaifu kuliko zote nyumbani, aende nayo chumba cha mwisho, atume ujumbe. Ukifika, chombo ni kizuri. Kipimo hicho kinafaa pia kwa ndoa, kikao na serikali: mtafute mwenye sauti ndogo kuliko wote, aliyeketi mbali kuliko wote, umwombe aseme. Asiposikika, kosa si lake, wala dawa si kumpazia sauti. Anayesikiliza ndiye wa kugeuza antena.