Lile Tanga la Vioo Lilianguka

Mmeniuliza sana lile tanga la vioo liliishia wapi. Lilianguka. Saa kumi jioni, uani kwetu Likoni, na mtoto wa jirani alikuwa ametoka hapo chini hata dakika haijaisha.

Vioo nilipewa na fundi wa madirisha, yale mabaki anayotupa, milimita 4 na 6. Nyanya alipoviona akauliza, "Wataka kutuwekea masanamu humu?" Nikamwambia si mtu wala mnyama, nyanya, ni tanga la dau tu. Akanyamaza. Kwa nyanya hiyo ni ruhusa.

Wazo lenyewe si geni. Kitengela, nje ya Nairobi, Nani Croze na wenzake wamefanya sanaa kwa vioo vilivyokwisha kutumika, miaka na miaka. Na hapa Mombasa kila mgeni lazima apige picha na zile Pembe za Moi Avenue, ambazo zilianza kama pambo la kumpokea binti mfalme wa Uingereza. Sisi wa ng'ambo tuna nini cha kupigia picha? Foleni ya feri.

Kosa langu ni haraka. Nilibandika kipande juu ya kipande kwa silikoni, nikaipa usiku mmoja tu. Silikoni ile hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia ukingoni kwenda ndani. Ukiibana kati ya vioo viwili vipana hewa haifiki: ukingoni ngumu, katikati bado uji. Kitako nacho chembamba. Halafu ukaja upepo wa kusi. Mlitarajia nini?

Simu ilikuwa inarekodi. Klipu ya kuanguka nilikuwa nayo, sauti na kila kitu, na wallahi ingetrendi kuliko zote nilizowahi kuweka. Nimeifuta. Mnisamehe, lakini mkisikiliza vizuri, sekunde chache kabla ya ule mlio, yule mtoto anacheka.

Nimeanza upya. Kitako cha zege, nondo mbili ndani, makali ya kila kioo nayasugua kwa msasa na maji ili vumbi lisiingie kifuani. Tabaka moja, kisha nasubiri siku kadhaa. Limefika magotini. Nimelizungushia wavu wa kuku; unaharibu picha, najua, lakini hautoki.

Mamake yule mtoto bado haitikii salamu yangu.