Kalibu na Udongo

Wenzangu wanaoota kutoa kitabu, sikilizeni. Kuna programu iitwayo Pandoc, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, mwalimu wa falsafa kule Berkeley, Marekani. Unaipa mafaili ya maandishi matupu pamoja na kiolezo, ambacho ni kama kalibu ya matofali. Palipo na $title$ inatia jina la kitabu. Palipo na $body$ inamwaga hadithi yote. Badili kalibu, udongo uleule unatoka kitabu cha kuchapwa au cha kusomea kwenye simu. Raha, siyo? Ila kalibu haichagui udongo. Sentensi mbovu nayo hutoka imenyooka, pambizo safi, ukajiona umeshakuwa mwandishi. Ndiyo maana riwaya yangu naisahihisha ikiwa bado tupu, haijavishwa nguo ya kunibembeleza.