Mwacheni Charlotte Apumue

Nimemaliza Pride and Prejudice ya Jane Austen. Wengi wenu mko kwa Darcy na pauni zake 10,000 kwa mwaka, mimi niko kwa Charlotte Lucas.

Wasee, mnamcheka bure. Eti alikubalije Bwana Collins siku chache tu baada ya Elizabeth kumkataa? Piga hesabu yake kwanza. Ana miaka 27, hana mali, na Uingereza ya 1813 haina kazi ya maana kwa binti wa tabaka lake. Habari za uchumba zikifika nyumbani, wadogo zake wa kiume wanashusha pumzi: hawatabaki na mzigo. Hiyo ndiyo nyumba alikuwa anatoka.

Austen mwenyewe alijua bei ya kukataa. Mwaka 1802 alimkubali Harris Bigg-Wither, kijana wa familia yenye mali, na kesho yake asubuhi akabadili nia. Baba yake alipofariki 1805, yeye, mama na dada yake wakawa wanategemea msaada wa kaka zake.

Dada yangu pia ana 27. Kila Krismasi mashangazi wanamuuliza, "Utatuletea lini mtu?" Anacheka, anaongeza chai. Anaweza kucheka kwa sababu ana mshahara na nyumba yake ya kupanga. Charlotte hakuwa navyo.

Kwa hivyo kabla umwambie msichana "fuata moyo," muulize kwanza kodi ya nyumba inalipwa na nani.