Fimbo Iliyovunjika Nangurukuru



Mlituulizia kimya chetu. Tulikuwa safarini. Kaka yetu aliondoka Pemba akiwa kijana, akaweka maskani Nangurukuru, pale njia panda ambapo barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi inaachana na ile ya Kilwa Masoko. Ananunua ufuta na korosho, na watoto wake wamezaliwa huko huko. Binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anaolewa na kijana wa Kivinje, nasi mashangazi wawili tukaitwa kumfunda. Tukabeba liwa, karafuu, udi na hina, tukavuka bahari, tukapanda basi Mbagala, tukafika usiku viuno vimetuuma.

Tuliyemkuta ndani si mwari anayeona haya. Alikuwa amekunja uso. Siku mbili nyuma alikuwa amegombana na mchumba wake kwenye simu. Kijana alitaka baada ya harusi wakae Kivinje kwa mama yake, na akasema kazi ya ualimu “itaangaliwa baadaye”. Binti akamjibu kwamba mwanamume asiye na nyumba yake hana haki ya kupanga kazi ya mtu. Kijana akakata simu. Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake, na akdi ilikuwa imebaki siku nne.

“Shangazi, nimpigie?” alituuliza.

Tukamwambia: “Usipige. Ukipiga leo utapiga maisha.”

Tunaandika haya kwa aibu. Mmoja wetu ndoa yake ya kwanza ilikufa kwa neno hilo hilo. Hakukuwa na kipigo wala njaa. Kulikuwa na watu wawili, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Miaka ishirini baadaye, bado tulikuwa tunamrithisha mtoto wa kaka yetu sumu ile ile tukiiita busara.

Usiku wa kuamkia akdi wanaume wa kwetu waliokuja na sisi walicheza kirumbizi uwanjani. Kwa wasioujua, ni mchezo wa fimbo wa Pemba, na Lamu pia unachezwa harusini na katika Maulidi. Ngoma inapigwa, zumari inalia, wawili wanaingia katikati na fimbo zao. Mmoja anapiga, mwenzake anakinga, huku wote wanafuata ngoma. Ukiangalia kwa mbali utadhani wanauana.

Sisi na mwari tulitazama kupitia dirisha lililofungwa pazia. Hatukuona ubaya, kwani tunajua katika hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza na silaha zao katika msikiti wa Madina siku ya Idi, na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamsitiri Bibi Aisha nyuma yake akatazama mpaka akatosheka.

Aliingia mjomba wake mwari, mzee wa miaka sitini na kitu, na mdogo wake mwari wa miaka kumi na saba. Katika pigo la tatu au la nne fimbo ya kijana ikakatika katikati. Akabaki na kipande kama cha mwiko, mbele ya mzee mwenye fimbo ndefu. Watu wakacheka. Kijana akarudi nyuma, na kila akirudi nyuma fimbo ndefu inamfuata. Mzee akamwambia neno ambalo hatukulisikia. Kisha akainua fimbo yake juu sana, polepole, mbavu zake akaziacha wazi. Kijana badala ya kukimbia akapiga hatua mbele, akaikinga fimbo pembeni kwa kile kipande, akamfikia mzee kifuani, akausimamisha mkono wake hapo hapo bila kumgusa. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Mwari akasema taratibu: “Mjomba kamwachia.”

Baadaye mpwa wetu mwingine alikuja jikoni kunywa chai. Yeye anacheza judo Unguja, mchezo ulioanza kufundishwa huko miaka ya 1990 na Mjapani anayeishi Zanzibar, Tsuyoshi Shimaoka. Kwa sababu hiyo anapenda kusoma mambo ya Wajapani. Akatuambia walichofanya mjomba na kijana bila kupanga, kule Japani kina mafunzo yake kamili.

Wajapani, alisema, wana mazoezi kumi ya upanga ya watu wawili wawili, yaliyokubaliwa mwaka 1912 ili shule zote zifundishe namna moja. Wanatumia panga za mbao. Katika saba ya mwanzo, wote wawili wana upanga mrefu. Katika matatu ya mwisho mmoja ana mrefu na mwenzake ana mfupi, unaoitwa kodachi. Mwenye mfupi akikaa mbali atapigwa, kwa hiyo anafundishwa kusogea, kuupisha upanga mrefu ubavuni, kumfikia mwenzake karibu, kisha kusimama.

“Sasa nani anashinda?” tukamuuliza.

“Mwenye mfupi, kila mara. Ndivyo ilivyopangwa.”

“Na nani anashika mrefu?”

“Mwalimu.”

Tukaacha vikombe. Akatueleza kwamba mwenye kuanza pigo anaitwa uchidachi, na ndiye mkubwa kwa ujuzi. Mwanafunzi ni shidachi. Mwalimu anashambulia kwa ukweli ili mwanafunzi ajifunze kwa ukweli, kisha anashindwa yeye. Hashindwi kwa unyonge. Anashindwa kwa sababu yeye ndiye mwenye uwezo wa kushindwa bila kupungua.

Mwari alikuwa mlangoni, hina mikononi. Aliyasikia yote.

Wapenzi wasomaji, tumefunda wasichana wengi. Tumewafundisha kupika, kujifukiza, kusitiri siri za nyumba. Lakini habari ya ugomvi tuliwapa njia mbili tu, nyamaza uonewe, au kaza usishindwe. Hakuna aliyetufundisha sisi njia ya tatu, kwamba katika ugomvi wa watu wanaopendana, aliye na nguvu zaidi saa ile ndiye anayeacha mlango wazi. Leo ni mume, kesho ni mke. Nguvu yenyewe si misuli wala pesa, ni utulivu wa moyo. Na anayeachiwa mlango naye ana wajibu wake, asogee, na akifika karibu ausimamishe mkono, asimpige mwenzake palipo wazi.

Bibi Aisha amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume akamshinda, na baadaye walipokimbia tena Mtume akashinda, akamwambia hii ni kwa ile. Tumelisikia simulizi hilo tangu chuoni tukalichukulia ni la kuchekesha tu. Usiku ule tuliona ni somo la ndoa. Kushinda kunazunguka, wala hakuna aliyeweka hesabu kwa chuki.

Tuseme wazi pia, msije mkatuelewa vibaya. Haya ni ya mchezo wenye mipaka, ambao wote wawili wanataka kutoka salama. Anayeinua mkono kukupiga, anayekunyima chakula, anayekudhalilisha kila siku, huyo hachezi nawe. Huko hakuna kuachia. Nenda kwa wazazi, nenda kwa kadhi, nenda penye msaada, na usione haya.

Usiku huo mwari aliomba simu yake. Safari hii hatukusema neno. Alimpigia, na tulimsikia akisema: “Nilikutukana kwa jambo la nyumba. Hilo nimekosa, nisamehe. Lakini kazi yangu sijaiacha, tuizungumze.” Hakuomba radhi kwa haki yake, aliomba radhi kwa ulimi wake. Kukawa kimya kirefu. Kisha tukamwona analia, halafu anacheka. Kijana alikuwa macho, naye simu mkononi tangu isha, anaogopa kupiga. Wajomba zake walimwambia maneno yale yale tuliyomwambia sisi!

Asubuhi wazee walikaa. Wakakubaliana wataanza maisha kwa mama mkwe huko Kivinje kwa muda, na sharti la kuendelea na ualimu likatajwa mbele ya shekhe kabla ya akdi, kila mtu akisikia.

Bwana harusi alikuja kwa joho, kilemba, jambia kiunoni na upanga mkononi, kama walivyovaa babu zetu. Wakati wa picha rafiki yake mmoja aliuchukua ule upanga, akauchomoa na kumwelekezea bi harusi kwa mzaha. Mjomba, yule yule wa fimbo, akaushusha mkono wake taratibu, akamkumbusha kwamba Mtume amekataza kumwelekezea ndugu silaha, hata kwa utani, kwani hujui shetani atauponyokesha vipi mkono.

Kijana akaurudisha upanga alani, akaomba radhi. Bwana harusi akageuka, akamwangalia mkewe, nasi tukaona amelielewa.

Mwari wetu sasa yuko Kivinje, na kila asubuhi anapanda bodaboda kwenda shuleni kwake. Kile kipande cha fimbo alikiomba kwa mdogo wake, akakitia ndani ya sanduku pamoja na kanga zake. Mwenyezi Mungu awape mapenzi na huruma, na awape mabinti zetu wote wepesi wa kusogea na nguvu za kusimamisha mkono. Amin.