Kimya cha siku mbili

Najua kuna wanaonidai posti tangu kabla ya mitihani. Nipo, boom ndilo halipo.

Haya, ya leo. Mie wa Elimu, Hisabati na Kompyuta, mwaka wa pili hapa UDOM. Muhula huu kila Alhamisi mchana nawaacha wenzangu kwenye vimbweta, nakwenda Informatiki, nakaa nyuma kabisa kwenye darasa la masta la mifumo endeshi iliyosambazwa. Sijasajiliwa, sina mtihani, kwa hiyo sapu hainihusu. Kaka mmoja wa kwetu Gulwe anasoma hapo, akaniombea kwa mwalimu, nikakubaliwa. Rumeti wangu ananicheka: "Wewe unakwenda kufundisha Fomu Wani, madesa ya masta ya nini?"

Nitamjibu hapa hapa.

Mfumo endeshi mnaoujua unasimamia mashine moja: nani apewe kumbukumbu, nani asubiri, faili likae wapi. Uliosambazwa unachukua mashine nyingi zilizounganishwa kwa waya na unataka mtumiaji azione kama moja. Andrew Tanenbaum na wenzake kule Amsterdam walijenga wa kwao miaka ya 1980, wakauita Amoeba. Unatoa amri, wala hujui imefanywa na mashine ipi. Raha tupu, mpaka uulize zinakubaliana vipi. Hazina saa moja na hazina kumbukumbu moja. Zina barua tu za kutumiana, na barua hupotea njiani.

Sisi tuliokulia kando ya reli hilo si geni. Reli ya Kati, hii ya zamani iliyofika Kigoma 1914, ni njia moja. Treni mbili zikikutana katikati ya vituo ni msiba. Reli nyingi za namna hiyo duniani zilitumia kijiti: kila kipande kati ya vituo viwili kina kijiti kimoja, na dereva asiyekabidhiwa haingii. Mwalimu alipoanza kueleza jinsi kompyuta zinavyopokezana ruhusa ya kugusa faili moja, Kaka akageuka nyuma akaniangalia. Ni kijiti kile kile! Hata jina wamelichukua hivyo hivyo.

Na saa je? Leslie Lamport aliandika mwaka 1978 kwamba si lazima saa za mashine zote zilingane ndipo ujue kipi kilitangulia. Saa ya Gulwe ikisema saa nne na dakika kumi na ya Msagali ikisema saa nne kasoro tano, hujui ipi inadanganya. Lakini treni haiwezi kufika Msagali kabla ya kuondoka Gulwe. Basi shika hilo: kutuma kunatangulia kupokea. Kila mashine ihesabu matukio yake, na kila barua ibebe hesabu ya aliyeituma. Anayepokea, kama hesabu yake iko nyuma, airuke ipite ile ya barua. Darasa zima waliandika fomula, mie nilichora stesheni mbili.

Sasa njoo kwenye lililonikalisha hapo. Mwenye kijiti akinyamaza, unafanyaje? Kafa, au mzito tu? Ukitengeneza kijiti kingine naye yupo hai, mna vijiti viwili kwenye njia moja. Usipotengeneza, wote mnasubiri maiti.

Mvua za Januari mwaka jana mto Kinyasungwe ulijaa. Kwetu hiyo si habari ngeni, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni za abiria zikakaa miezi bila kupita. Bibi yangu anakaa ng'ambo ya mto, peke yake, hataki kuhama. Simu yake ikawa haipatikani. Siku ya kwanza tukasema chaji. Siku ya pili baba mdogo akaanza kupigia ndugu wa Kongwa na Morogoro waanze safari. Shangazi akalia kwenye simu. Baba akasema tusubiri, kimya si kifo. Baba mdogo akamjibu, "Na kama kaumia, tutamsubiri mpaka lini, kaka?" Nikaa katikati yao nikiwa na simu mkononi, napiga, napiga.

Siku ya tatu asubuhi simu ikaita. Bibi mzima, mnara ndio ulikosa umeme. Anashangaa tu missed call zote za nini.

Ndugu wa Morogoro walikuwa wameshafika Kilosa na nauli imekwenda. Mpaka leo baba mdogo anataniwa kwamba alimzika mama yake akiwa hai. Mie nilijiunga na utani huo hadi Alhamisi moja mwalimu aliposoma kazi ya Fischer, Lynch na Paterson ya 1985. Walithibitisha kwa hesabu kwamba kama barua hazina muda wa mwisho wa kufika, na kuna hata mmoja anayeweza kufa, hakuna kanuni isiyotegemea bahati itakayohakikisha kila mara waliobaki wanafikia uamuzi mmoja. Si kwamba hatujaipata bado. Haipo. Unachoweza ni kuweka muda: nisiposikia mpaka saa fulani, nahesabu kafa. Ukiweka mfupi unazika walio hai, ukiweka mrefu unachelewa kuokoa. Baba aliweka mrefu, baba mdogo mfupi. Sijamtania tena.

Swali la mwisho nililiuliza mie, mtu wa nyuma asiyesajiliwa. Tarehe 24 Juni 2002, upande wetu wa Igandu na Msagali, treni ya abiria iliyokuwa ikienda Dodoma ilirudi nyuma kwenye mteremko bila breki, ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Sisi wengine hatujazaliwa, lakini kwetu inasimuliwa. Nikauliza: kanuni ya kijiti inalijua hilo? Mwalimu akakaa kidogo, akasema hapana, kanuni inadhani aliyeingia atasonga mbele na kutoka. Halafu akafuta ubao, akaandika orodha ya namna mashine inavyoweza kuharibika, kuanzia kunyamaza hadi kusema uongo, na tukapita nayo hadi jioni.

Nyumbani sasa tumekubaliana bibi abipu kila jioni, asipobipu siku mbili mtu anaondoka. Jana hakubipu. Nikampigia nikihema. "Mjukuu wangu," anasema, "nilikuwa nimelala. Na wewe lala."

Alhamisi ijayo ni jinsi mashine zinavyochagua kiongozi. Mwenye desa la wiki ya nne anitafute, langu rumeti kafungia vitumbua.