Chokocho, Mahali Ambapo Moto Hulala Nje

Ukitaka kufika Chokocho kutoka Dar es Salaam huna budi kuvuka maji. Utapanda meli hadi Unguja, kisha meli tena hadi Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba. Hapo gari ya abiria itakuchukua kati ya minazi, mihogo na mikarafuu mpaka uone mikoko, na nyuma ya mikoko, bahari. Mbele yako ni Kisiwa Panza. Watu huvuka kwenda huko na kurudi kwa mashua, na maji yakiwa yametoka utawaona akina mama wameshika viatu mkononi, vikapu kichwani, wakitembea kwenye tope kuifuata mashua ilikosimama.

Hoteli usiulize. Sisi akina mama watatu kutoka bara tulilala nyumbani kwa bibi mmoja mjane, Mwislamu, aliyetupokea kana kwamba tulizaliwa naye. Tulipompa shikamoo aliitikia marahaba, akatuuliza habari za watoto wetu mmoja mmoja kabla hajatuuliza tumefuata nini.

Tulichokifuata tulikiona kesho yake uani, juu ya jamvi. Bibi alikuwa akimfungia mwanawe mzigo wa kwenda dago.

Mama wa bara pengine hulijui neno hilo. Dago ni kambi ya wavuvi. Wavuvi wa Pemba ni watu wa kusafiri tangu zamani. Upepo wa kaskazi unapoanza, karibu na Novemba, na bahari ikatulia, wengi huondoka makwao wakaenda kuvua mbali: Unguja, Tanga, na ng'ambo ya mpaka huko Kenya, Vanga, Shimoni hata Malindi. Huko hukaa wiki, wengine miezi. Wanalala wapi? Wenye bahati hupata banda la makuti. Wengine hufunga turubai au tanga kuukuu kwenye miti, wakashusha pembeni karatasi ya nailoni kuzuia upepo, na hiyo ndiyo nyumba. Na si wavuvi peke yao. Msimu wa karafuu ukija, wachumaji nao hupiga kambi mashambani, pengine mume, mke na watoto, kwenye vibanda vya namna hiyohiyo.

Kwa hiyo Chokocho na vijiji vya jirani vina watu wengi wanaojua maisha ya chini ya kitambaa kuliko kijana yeyote wa skauti. Na jambo nililojifunza kwao ni moja: moto hulala nje.

Hebu tutazame mzigo ule. Shuka mbili, kikoi, sufuria, mchele, sukari, majani ya chai, chumvi. Kibiriti kilichoviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni kisipate maji. Chandarua. Mwishoni taa ndogo ya jua, bapa kama kisosi. Mshumaa haukuwamo, wala kibatari. Tulipouliza, bibi alisema zamani alikuwa akitia mishumaa, siku hizi hatii. Hakutaja kisa, wala hatukumchokonoa.

Alichotueleza ni hiki, nami nimekifikiria sana tangu siku ile. Ajali ya mshumaa kambini, alisema, haiji kwa ujinga. Kila mtu anajua kwamba moto unaunguza. Huja kwa uchovu. Mvuvi anarudi usiku, amelowa, mikono imechubuka kwa kamba. Anawasha mshumaa, anaugandisha juu ya kifuniko cha kopo, anajinyoosha kidogo apumzishe mgongo. Mgongo ukishagusa mkeka, basi. Mshumaa unaendelea na kazi yake peke yake, na upepo unacheza na turubai.

Kiswahili chetu kina neno la kutufundisha hapa. Chandarua ni kile kitu cha kuzuia mbu, lakini katika lugha ya pwani chandarua pia ni kitambaa kinachotandwa juu kukinga jua au mvua, yaani ndugu yake hema. Mama anayemlaza mtoto chini ya chandarua, kisha akaweka kibatari karibu na kichwa cha kitanda, anafanya lilelile analolifanya mvuvi ndani ya turubai lake. Ndiyo maana sitaki msomaji wangu wa Morogoro au Dodoma aseme kwamba habari hii ni ya watu wa Pemba.

Mwali wa mshumaa unaonekana mdogo na mpole, lakini joto lake hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Vyandarua vyetu vingi siku hizi, na hema karibu zote za dukani, hufumwa kwa nyuzi za plastiki. Poliesta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 hivi, na poliethilini, inayotengenezewa baadhi ya vyandarua vya dawa, huyeyuka kabla ya kufika 140. Si lazima mwali uguse kitambaa. Joto linalopanda juu yake linatosha. Pamba ikiungua hugeuka majivu. Plastiki hudondoka kama uji wa moto, ikagandamana na ngozi. Mtu aliye ndani ya hema dogo hana dakika za kufikiri. Mlango una zipu au umefungwa kwa kamba, kuna giza na moshi, na paa ndilo linalomshukia.

Kuna na petroli. Hili tulionyeshwa na vijana wa pwani wenyewe. Boti za mashine zinahitaji mafuta, na mafuta yakiachwa nje huibwa, kwa hiyo mtu huingiza dumu ndani ya turubai akalala nalo ubavuni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu, hutambaa chini kwa chini kama maji mpaka uupate moto ulipo, na mshumaa uliowekwa sakafuni upo tayari kuupokea. Nahodha mmoja alituambia kwamba katika kambi yake dumu huchimbiwa shimo upande unaokopelekwa upepo, mbali na mabanda, na vijana huhesabiana zamu ya kulilinda.

Dunia ilijifunza somo hili kwa uchungu mwaka 1997. Pemba nyumba nyingi zina mtu aliyewahi kwenda Makka kuhiji au anayeweka akiba aende, na mahujaji hulala katika mji wa mahema uitwao Mina. Tarehe 15 Aprili mwaka huo moto ulizuka pale, ikaelezwa kwamba chanzo ni jiko la gesi, na upepo mkali ukaubeba kutoka hema hadi hema. Mahema yapatayo 70,000 yaliteketea. Watu 343 walifariki na zaidi ya 1,500 walijeruhiwa. Baada ya hapo serikali ya Saudi Arabia ilipiga marufuku majiko ya gesi mahemani, ikajenga mahema ya kudumu ya nyuzi za kioo zilizopakwa kinga ya moto. Yaani nchi tajiri, yenye zimamoto na maji, iliona haiwezi kuwategemea watu waangalifu tu. Iliutoa moto ndani ya hema. Bibi wa Chokocho hakuhitaji mabilioni kufikia uamuzi huohuo.

Nasi wa bara tuna kilio chetu. Agosti 2009 bweni la wasichana la shule ya sekondari Idodi, mkoani Iringa, liliungua usiku na wanafunzi 12 wakafa. Iliripotiwa kwamba moto ulitokana na mshumaa aliokuwa akisomea mwanafunzi baada ya taa kuzimwa. Bweni si hema, najua. Lakini kitanda cha bweni chenye godoro, blanketi na nguo zilizotundikwa ni hema tosha, na mtoto anayesoma kwa siri huuficha mwanga wake palepale penye nguo nyingi. Mama, unapomfungia binti sanduku la shule, mshumaa umo? Kama umo, nani aliutia?

Mpaka hapa nimesema juu ya moto unaoonekana. Uko mwingine usioonekana, nao naona unatuua akina mama na watoto wetu kimya kimya kuliko ule wa kwanza.

Pemba si nchi ya baridi, lakini wakati wa kusi, kati ya Juni na Agosti, mtu aliyelowa usiku hutetemeka, na mvua za masika nazo hulowesha kila kitu. Mwenye baridi hutafuta makaa. Anapika chai, makaa yanabaki mekundu, hayana moshi tena, yanapendeza. Anaona ni hasara kuyaacha nje. Anayaingiza ndani, anashusha turubai, anafunga vizuri. Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hupumua kama kawaida huku mwili ukikosa hewa. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito. Aliyekwisha kulala haamki kuuliza kichwa kinauma kwa nini.

Watu wengi hudhani hatari ni moshi, na kwamba makaa yakishakolea mambo yameisha. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya.

Na hapa napenda kuzungumza na akina mama wenzangu juu ya mzazi. Pwani nzima, na bara pia, tuna desturi ya kumpasha joto mama aliyejifungua: maji ya moto, kukandwa, na jiko la makaa chumbani katika zile siku arobaini. Chetezo cha udi nacho kinaletwa. Mlango unafungwa asipigwe na upepo, dirisha linazibwa kwa kanga, na mtoto mchanga yumo ndani ya chandarua. Desturi ya kumtunza mzazi ni njema, na ningependa tuidumishe. Lakini hewa hiyo humdhuru mtoto upesi kuliko mkubwa, na mjamzito akiivuta humfikia aliye tumboni. Mwenyeji wetu anawakanda wazazi tangu ujana wake. Yeye huweka jiko ukumbini, maji yanachemka huko, yanaingia ndani ndani ya ndoo. Mzazi anapata joto lake lote, makaa hayaingii. Ndugu zetu wa Njombe, Mbeya na Kilimanjaro, ambako baridi ni baridi kweli, wafanye hivyohivyo: mablanketi, soksi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, na jiko libaki nje usiku kucha. Kufungua kidirisha kidogo hakutoshi.

Ukiingia mahali ukakuta watu wawili au watatu wote wanaumwa kichwa kwa pamoja, na jiko limo, usianze kutafuta chakula kilichowadhuru. Watoe nje kwanza kwenye hewa, halafu hospitali, hata kama wanasema wamepata nafuu. Na aliyeungua kwa moto mwagilie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Nguo iliyogandamana na ngozi usiibandue. Dawa ya meno, mafuta, unga na mayai viache jikoni.

Bado kuna swali la mwanga, maana giza nalo si rafiki wa mtu. Tangu 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kabla ya hapo ilitegemea majenereta ya dizeli. Lakini waya huo haufiki kwenye turubai la mvuvi. Kinachofika ni taa ya jua. Kule Kinyasini, Unguja, kuna kituo cha Barefoot College ambapo akina mama wa vijijini, wengi wao wenye umri mkubwa na elimu ndogo ya darasani, hufundishwa kwa miezi kadhaa kuunganisha na kutengeneza vifaa vya umeme wa jua, kisha hurudi vijijini kwao kuwa mafundi. Mimi nilifurahi kuliko nilivyotarajia: bibi mwenye wajukuu ameshika chuma cha kuchomelea waya! Taa ya jua inauzwa bei kuliko mshumaa, hilo siwezi kulificha. Lakini mshumaa hununuliwa kila juma, na taa huchajiwa na jua la Mungu bila malipo. Chunguza tu betri isiwe imevimba, na usiichaji chini ya mto wa kulalia.

Katika makanisa yetu kambi za vijana hufanyika wakati wa Pasaka na likizo ya Desemba, na barua ya kambi huja nyumbani na orodha ya vitu: shuka, sahani, Biblia, ndoo, na mara nyingi bado pameandikwa "mishumaa miwili". Safari hii nilikata mstari huo kwa kalamu, nikaandika "tochi", nikamrudishia binti yangu ampelekee mwalimu wa vijana. Chini yake niliongeza maswali mawili: usiku majiko ya kambi yatakuwa wapi, na ni mtu mzima gani atakayehakikisha kwamba yamezimwa kabla watoto hawajafunga zipu. Jibu lilikuja Jumapili iliyofuata, na jina la mzee mmoja wa kanisa limeandikwa.